Ukifika Bhavnagar, Mwanaidi

Mwanangu Mwanaidi,

Nakusikia kutoka hapa nilipo. Unabishana na mama yako juu ya lile sanduku: yeye anataka unga wa muhogo uingie, wewe unataka vitabu, na mjomba wako amekaa juu ya kifuniko ili zipu ifunge. Mimi nimejitenga huku karakana. Nimewaambia namalizia geti la mteja. Hakuna geti wala mteja, nimekalia boksi la vipande vya nondo na daftari lako la zamani la hesabu nimeliweka juu ya magoti, na kalamu inaniteleza kwa sababu mikono hii imezoea vitu vizito.

Habari za sweta, dawa za tumbo na kutolala mlango wazi, mama yako amekwisha kukuambia na kesho atakuambia tena mpaka treni iondoke. Sina la kuongeza huko. Nataka nikueleze yale ambayo juzi nilikueleza nusu, maana nikijaribu kwa mdomo nitaanza kukohoa kama nilivyokohoa juzi, nawe utasema niende nikapimwe kifua.

Juzi viza ilipotoka tulikunywa soda, na mama yako alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza tunamwoza nani. Nami nikakutania. Nikasema mtoto wa Bigwa aliyezoea ukungu wa Uluguru ataliweza wapi joto la Gujarat, tena pwani ile ya viwanda ambayo hata Wahindi wenyewe hawaendi kutembea. Ukaweka chupa chini. Ukasema, "Baba, vyuo vya famasia vilikuwa vingi. Kuna mji mwingine walinikubali, una miti na baridi kama huku kwetu. Unadhani Bhavnagar nimeichagua kwa ajili ya nini?"

Mama yako alidhani unajibu utani. Mimi nilijua umeichagua kwa ajili ya Shabani.

Ulikuwa bado unavaa sare ya shule Shabani alipopotea, kwa hiyo kuna mengi ambayo uliyaona kwa pembeni tu. Uliona shangazi yako Mwantumu, dada yangu wa tumbo moja, ameacha kuja nyumbani kwetu. Uliona mimi narudi kutoka India nimekonda, na watu wanakaa kimya nikiingia. Tukakuambia kaka Shabani amepotea kazini melini na bado anatafutwa. Uwongo wa maneno yale ulikuwa hapo mwishoni, maana hakuna aliyekuwa akimtafuta tena.

Wewe umekulia mjini na unaweza kusema haya ni mambo ya milimani yaliyopitwa na wakati. Lakini sisi ni Waluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba analea, analisha, anambeba mgongoni akiugua, lakini likija jambo kubwa anayetoa neno ni mjomba. Shabani ni mwana wa dada yangu, kwa hiyo juu yake neno langu lilikuwa la mwisho. Wewe ni mwanangu, na juu yako neno la mwisho analo huyo aliyekalia sanduku lako. Wiki iliyopita nilimfuata mpaka sokoni anakouzia nyanya, nikamwomba akuzuie. "Shemeji," akaniambia, "mtoto kapata nafasi ambayo wenzake wanaililia. Nimzuie kwa lipi?" Nikanunua nyanya nikarudi.

Kwa hiyo ujue, mwanangu, nilijaribu kukuzuia. Usinichukie kwa hilo. Mtu aliyekwisha kupoteza mtoto wa mwenzake hupata wazimu akiona wa kwake anapanda gari lile lile.

Shabani alijifunza kuchomelea hapa hapa nilipokaa. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi, nalisema leo bila wivu ingawa wakati ule nilikuwa nao. Mkono wake ulikuwa mtulivu, mshono wake huwezi kuutofautisha na chuma chenyewe. Lakini moyo wake ulikuwa Kinole kwa mama yake, kwenye pilipili manga na karafuu. Kila Ijumaa alikuwa anapanda mlimani na Jumatatu anateremka amechelewa, matope kwenye viatu, na mimi namfokea mbele ya wateja. Nilimwona hana haja ya maendeleo. Nilitaka ukoo wetu uwe na mtu aliyetoka, aliyeona dunia, kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kutoka na sikutoka.

Ndipo jamaa mmoja wa Dar, wakala wa mambo ya meli, akanipigia. Kuna meli kuukuu inapelekwa India kwenda kukatwa vyuma chakavu, na wanahitaji fundi wa kuchomelea kwa safari hiyo moja tu, kwa sababu imechoka mno, inavuja kila mahali. Ikifika, mabaharia wanarudishwa nyumbani kwa ndege. Nikasikia neno ndege tu. Ile habari ya meli kuvuja ikanipita.

"Mjomba, mi na maji hatuelewani," Shabani aliniambia. "Hata mto Ngerengere navuka nimefumba macho."

Nikamwambia baharini havuki mtu kwa miguu.

Shangazi yako akateremka kutoka Kinole. Alikaa pale kwenye mlango wa karakana, hakutaka kuingia ndani, ndizi zake kwenye kikapu. Akaniambia taratibu, "Kaka, mtoto hataki."

"Mtoto wa nani?" nikamuuliza.

"Wetu."

"Basi kama ni wetu, nimekwisha kusema."

Akanyanyuka. Aliacha zile ndizi, kwa sababu alikuwa amezileta kwa ajili yenu na yeye si mtu wa kuadhibu watoto kwa makosa ya wakubwa. Nilijisikia mwanamume siku ile. Nakuandikia hivi ili ulijue vizuri jambo hili: nilipokuwa nakosea, sikuhisi lolote baya. Nilihisi nimesimamia ukoo.

Nilimsindikiza mwenyewe kwa basi. Tulipofika mizani ya Mikese basi likasimama kupimwa, abiria wakashuka kujinyoosha na kununua mahindi. Shabani akashuka na begi lake. Nikamwona anavuka barabara kwenda upande wa magari yanayorudi Morogoro. Nikamkimbilia. "Mjomba, niache nirudi," akasema. "Nitafanya kazi karakana hata Ijumaa, sitapanda tena Kinole ukitaka. Niache tu nirudi." Mwanamume mzima, ana ndevu, analia kando ya barabara kuu na wauza mahindi wanatazama. Na mimi aibu ile ya kutazamwa ndiyo iliyonipa nguvu. Nikamshika mkono nikamrudisha ndani ya basi.

Mwanaidi, nimekuwa nikipita Mikese mara nyingi tangu siku ile, na kila basi likisimama pale nafumba macho.

Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa sauti. "Mjomba shikamoo. Tumefika ila hatujashuka, tunaisubiri bahari ijae. Kapteni anasema ikijaa anaikimbiza meli kwa nguvu zote anaipandisha juu ya tope, haitoki tena. Ndo inakufa hivyo. Mwambie mama pilipili asiuze kwanza, nakuja." Sauti ilikuwa ya furaha. Alikuwa ameushinda ule woga wake, na alikuwa anarudi nyumbani.

Wenzake walirudi. Mmoja, kijana wa Tanga, alinipigia akanieleza kwamba waliteremshwa kwa makundi mawili, Shabani alikuwa kundi la pili na alikuwa na homa, na uwanja wa ndege hawakumwona. Wakala wa Dar akazima simu. Ile kampuni ya meli, tulipoiuliza, ilikuwa imekufa pamoja na meli yake.

Na hapa ndipo nilipofanya lile ambalo shangazi yako hajanisamehe, na simlaumu. Kwa mila yetu habari ya mtoto wa ukoo, nzuri au mbaya, hupelekwa kwa mjomba kwanza. Mjomba huipokea, huipima, halafu yeye ndiye anayekwenda kwa mama. Kijana wa Tanga, bila kuijua mila yetu, alinipigia mimi. Nami nikaikalia ile habari. Nikajiambia nangoja niwe na uhakika, nisimtie dada yangu presha bure. Nilikwenda Kinole kuzika jirani yake, nikala ubwabwa kwake, nikamwambia Shabani hajambo, mtandao wa kule ni mbaya. Akanifungia pilipili manga nimtumie mwanawe ikipatikana njia. Akaja kuipata habari sokoni, kwa mama muuza samaki mwenye ndugu Tanga, akiwa ameshika mizani mkononi.

Tangu hapo nikienda kwake ananipa kiti, ananipa chakula, hasemi nami.

Basi nikaenda India. Nilikuwa sijawahi hata kwenda Mwanza. Nikuchoree picha ya kule, kwa sababu matangazo ya chuo chako yanaonyesha bustani tu. Ukitoka Mumbai treni inapita miji mikubwa, halafu inaingia nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja cha kupumzishia jicho. Mtu wa Uluguru anachanganyikiwa, hajui aangalie wapi. Utaona mashamba ya chumvi, meupe mpaka yanaumiza macho, na watu wanatembea peku juu ya chumvi, na mabomba ya moshi ya viwanda nyuma yao. Malori hayaishi. Vumbi la saruji na la vigae limekaa juu ya majani ya miti, ukifuta jani ndiyo unaona kumbe ni la kijani. Bahari ipo lakini huioni. Ikipwa inakwenda zake mbali sana na kuacha tope la kijivu, ikirudi inarudi kwa fujo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kule kama nimekuja kutalii. Waliniuliza nauza nini au nanunua nini.

Na watu ni wema, hilo sitalificha. Bhavnagar nilimpata mzee Kantibhai, mwenye duka la vyuma vidogo karibu na kituo cha treni. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka lake nanung'unika peke yangu, akasema kutoka ndani, "Bwana, unatafuta nini?" Kiswahili safi, cha zamani kidogo. Alizaliwa Kilosa, akaondoka kijana. Nililia dukani kwake kama mtoto. Alifunga duka akazunguka nami polisi, hospitali, kwenye ofisi ambazo walimpa kiti yeye na mimi wakanisimamisha, naye akakataa kukaa. Hakuna aliyekuwa na jina la Shabani.

Akanipeleka Alang, kule meli zinakokatwa. Geti lilifunguliwa kupisha lori la mabamba, mlinzi akatuacha tusimame hapo kidogo. Meli zimepandishwa kwenye tope moja baada ya nyingine, nyingine zimebaki nusu, unaona ndani yake ghorofa kwa ghorofa, ngazi zisizoelekea popote. Na vijana wadogo wembamba wananing'inia na moto wa gesi. Nitakuambia ukweli wa aibu. Kwa muda nilisahau nilichokuja kufanya. Nilikuwa naangalia wanavyokata, wanaanzia wapi, bamba linaanguka upande gani. Nikamwambia Kantibhai, "Yule pale anajua kazi." Akanitazama kwa huruma, nami nikakumbuka, nikakaa chini.

Nje ya geti, barabara nzima ni maduka ya vitu vilivyotolewa melini. Makabati, sahani, majiko, friji, maboya, viti vya kapteni, na magodoro. Magodoro yamepangwa mpaka juu. Nikaanza kuyanusa. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa nakwenda duka hadi duka, nainama nanusa godoro la mabaharia nisiowajua, kwa sababu Shabani alikuwa anapaka mafuta ya karafuu ya mama yake kila siku na nilijua harufu yake. Wenye maduka walidhani nachunguza ubora wakaniteremshia bei. Nilinusa mpaka Kantibhai akanishika bega akasema, "Twende, bwana, twende tule." Yeye kesho yake alikuwa na harusi kijijini kwao, akanisihi nimsubiri hotelini nisitembee peke yangu.

Sikusubiri. Nilikwenda sokoni Bhavnagar, na katikati ya watu nikamwona Shabani kwa nyuma. Kichwa chake, mabega yake, ile namna yake ya kutembea ameinamia mbele kama anapanda mlima. Nikapiga kelele kwa Kiluguru, nikawapiga watu vikumbo, nikamkamata mkono kwa nguvu ile ile niliyomkamata nayo Mikese. Akageuka. Hakuwa yeye. Alikuwa kijana mweusi kama sisi, nywele zetu, pua yetu, akanijibu kwa Kigujarati. Nilikuwa sijui, hakuna aliyeniambia, kwamba pwani ile wapo watu weusi waliofika zamani sana, wanaitwa Masidi, Waislamu wengi wao, na lugha ya huku wameisahau. Nilibaki nimemshikilia tu, naongea Kiluguru, nikitumaini kwamba nikiendelea ataanza kunielewa.

Hakukasirika. Alinichukua kwao. Ukitoka sokoni unapita msikiti wenye mlango wa kijani, halafu vichochoro, nyumba ina karai la maua kizingitini. Mama yake alikuwa anafanya usafi hospitali, alikuwa bado na sare, nikaijua kazi yake kwa ile ndoo yenye neno Hospital aliyokuwa anaisuuza. Mtu mzima, mfupi, ana macho makali. Akaniwekea chai na wali. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya Shabani.

Aliichukua akaiangalia muda mrefu. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaiangalia tena. Akamwambia mwanawe maneno machache. Kijana akainamisha kichwa. Yule mama akajitanda mtandio wake vizuri, akachukua udi akauwasha, akaiweka simu yenye picha karibu na chetezo, akanyoosha mikono, akaanza kusoma Fatiha.

Fatiha inasomwa kwa mengi, Mwanaidi. Tunasoma kwenye harusi, kwenye safari, kwa mgonjwa, hata kufungua shamba. Ningeweza kukaa nikaamini ni dua ya heri tu. Lakini nilikuwa nimemwona kijana alivyoinamisha kichwa. Nikaichukua simu yangu kutoka kwenye moshi, nikavaa viatu bila kuvifunga, nikatoka. Kijana alinifuata mpaka barabarani ananiita, anaonyesha kwa mkono upande fulani, anarudia neno moja lile lile. Nikapanda bajaji. Kesho yake asubuhi nikaondoka Bhavnagar kabla Kantibhai hajarudi kutoka harusini. Na nyumbani nikasema hakuna aliyejua lolote.

Juzi nilipokueleza habari ya yule mama nilisema alinipa chai na dua, basi. Ukaniuliza, "Nyumba yake iko wapi?" Ndipo kikohozi kilipoanza.

Wazee wa ukoo wanataka tumsomee Shabani hitima, ili mama yake apate kupumzika. Wamenifuata mara mbili, maana bila neno la mjomba haisomwi. Wakamfuata na dada yangu. Akawajibu, "Aliyemtuma aseme yeye." Nami siwezi kusema. Nikisema amekufa, nimemuua kwa mdomo wangu na labda yuko hai, labda alipoteza akili kwa homa na anafagia uwanja wa mtu. Nikisema yu hai, namfanya dada yangu akeshe akisikiliza kila pikipiki inayopanda Kinole. Nimeishi hivyo. Sili vizuri, silali vizuri, namfokea mama yako kwa chumvi. Nimechoka, mwanangu. Kuna siku natamani iletwe maiti, halafu najiogopa mwenyewe kwa kutamani hivyo.

Sasa unakwenda wewe. Nilianza barua hii nikitaka kukuomba usiende kwenye nyumba ile. Nilikuwa nimeshapanga maneno: soma kwanza, umalize masomo, mambo haya ya wakubwa tuachie sisi. Lakini wakubwa tumeachiwa na tumekimbia. Kwa hiyo nakuomba kinyume, na moyo unanipasuka nikiandika. Nenda. Ila usiende peke yako. Mtafute kwanza Kantibhai, na akiwa hayupo tena duniani, mwanawe. Mwambie wewe ni binti wa yule fundi wa Morogoro aliyeondoka bila kuaga. Mwombe radhi kwa niaba yangu, halafu mwende wote.

Ukifika kwa yule mama, kaa. Kunywa chai yake yote hata ikiwa tamu kupita kiasi, na ni tamu. Mwonyeshe picha. Akinyoosha mikono kusoma, nyoosha na wewe, soma mpaka amina. Halafu muulize aliona nini, na umwache amalize kusema, hata kama unatetemeka. Mimi nilijifunza pale kwamba habari niliyoikimbia haikubaki Bhavnagar. Nilipanda nayo ndege, na imekuwa ikikaa nami mezani kila siku bila kunieleza chochote.

Na wewe mwenyewe, Mwanaidi. Naogopa. Naliandika wazi kwa sababu baba yangu hakuwahi kuniambia anaogopa, nami nikadhani wanaume waliokomaa hawana woga, nikamcheka Shabani kwa wa kwake. Ukiwa kule ukaona huwezi, chuo kibaya, watu wabaya, au moyo tu umekataa, rudi. Usiniombe ruhusa, usimwombe mjomba wako, usifikirie majirani waliosikia vigelegele. Shuka kwenye basi uvuke barabara. Nitakuja kukupokea popote utakapokuwa, na nikikufokea ujue ni mdomo tu, mwambie mama yako anizibe.

Naona mjomba wako ameshinda, zipu imefunga, mnacheka. Nimalizie kabla hujanifuata huku.

Utakapojua, iwe habari ya namna gani, usinipigie simu mimi. Najua mila inasema nini, na mjomba wako mwenyewe atakuambia mjomba ndiye wa kwanza. Mwache aseme. Mpigie shangazi yako. Mwambie yeye kwanza, yote, bila kupunguza, kwa maneno yale yale utakayoambiwa.

Kesho nikishakuona umeingia kwenye treni sirudi Bigwa. Mama yako nimeshamweleza, amenifungia nguo. Napanda Kinole kwa dada yangu, na nitakaa kwake mpaka simu yako ije. Atanipa kiti, atanipa chakula, hatasema nami, na mimi nitavumilia. Pilipili zinahitaji kuchumwa, nitachuma. Simu itakapolia ataipokea yeye. Sitamuuliza umesema nini. Nitakuwa nimekaa hapo hapo uani, na nitajua kwa sauti itakayomtoka.

Baba yako